Haki ya Kiu na Foleni ya Swichi

Swichi ni kifaa kinachounganisha kompyuta, simu, kamera na seva za taasisi moja, na kazi yake ni kupokea vifurushi vidogo vya data, viitwavyo pakiti, kupitia tundu moja ambalo mafundi huliita poti, kisha kuvitoa kupitia poti nyingine inayoelekea kwa mlengwa. Maadamu kila poti inapewa mzigo mdogo kuliko inavyoweza kuutoa, hakuna cha kubishania. Ubishi huzuka pale poti 24, kila moja yenye uwezo wa gigabiti 1 kwa sekunde, zinapomimina mizigo yake kwa wakati mmoja kwenye poti moja ya kutokea yenye uwezo uleule wa gigabiti 1. Hapo pakiti hupangwa katika kumbukumbu ya muda iitwayo bafa, na bafa ikijaa, zinazofika baadaye hutupwa. Msimamizi wa mtandao anayeandika amri za kugawa bendiwidhi, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita katika kiungo kwa sekunde moja, na za kupanga kipaumbele, yaani utaratibu wa kuamua pakiti ipi itoke kabla ya ipi, huwa anaamua nani apite, nani angoje na nani atupwe. Uamuzi huo umeandikwa kwa lugha ya mashine, lakini ni wa jinsi ileile iliyowashughulisha wanafalsafa na mafakihi kwa karne nyingi: ni kwa haki gani mmoja hutangulizwa mbele ya mwenzake, ilhali wote wawili wanahitaji kitu kilekile na hakiwatoshi?

Jibu linalokuja upesi ni kwamba swichi isimtangulize yeyote. Anayewahi ahudumiwe kwanza, anayechelewa angoje, na mashine isijifanye hakimu. Jibu hili lina sura ya usawa, na ndiyo maana foleni ya namna hiyo, ambayo ni moja tu na isiyobagua, huachwa katika swichi nyingi bila mtu kuuliza lolote. Hata hivyo, mhandisi John Nagle alionyesha mwaka 1985, katika waraka aliouandika kuhusu swichi zenye nafasi ya kuhifadhi isiyo na kikomo, kwamba utaratibu huo humtuza anayesukuma zaidi: mwenye kutuma pakiti nyingi huijaza foleni kwa pakiti zake, na mwenye kutuma chache kwa adabu hujikuta akingoja nyuma ya mlundikano wa mwingine. Nagle alipendekeza kila mtumaji apewe foleni yake na swichi izizungukie foleni hizo kwa zamu, ili anayejaza aijaze foleni yake mwenyewe. Injili ya Yohana, katika sura ya 5, inamtaja mgonjwa wa miaka 38 aliyelala kando ya birika la Bethzatha, ambaye hakuna aliyemkataza kuingia majini kutafuta uponyaji. Kanuni ya birika ilikuwa moja kwa wote, nayo ni kuwahi, na kwa sababu hakuwa na wa kumsaidia, kila alipojikokota mwingine alikwisha kuingia. Kanuni isiyotaja jina la mtu yeyote inaweza kumtenga mtu yuleyule kila siku. Kutopanga chochote katika swichi, basi, nako ni kupanga, isipokuwa mpangaji hajulikani na hivyo haulizwi.

Kutoka hapo ni rahisi kuteleza hadi upande wa pili na kudhani kwamba kipaumbele ni dawa. Maneno ya kibiashara yanayovisindikiza vifaa vya mtandao huzungumza kana kwamba kupanga kipaumbele ni kuongeza ubora, na hayasemi ubora huo umetolewa wapi. Mwaka 1965 Leonard Kleinrock, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa mtandao wa ARPANET, alichapisha uthibitisho wa kihisabati unaojulikana kama kanuni ya uhifadhi. Kanuni hiyo inahusu foleni zenye mhudumu mmoja ambaye hakai bure wakati kazi ipo, hakatizi kazi aliyokwisha kuianza, wala hapangi zamu kwa kutazama urefu wa kazi ya kila mmoja. Katika foleni ya namna hiyo, muda wa kungoja wa kila tabaka ukizidishwa kwa sehemu ya mzigo ambayo tabaka hilo linaileta, kisha majibu ya matabaka yote yakajumlishwa, jumla hubaki ileile hata utaratibu wa zamu ubadilishwe vipi. Kwa maneno mengine, kungoja hakuondolewi bali huhamishwa. Dakika aliyookolewa mmoja imelipwa na mwingine, na malipo hayo hayana msamaha.

Hisabati hiyo, hata hivyo, haisemi kwamba kila uhamisho ni sawa na mwingine, na hapa ndipo swali la haki linapopata mwili. Tabaka linaloleta sehemu moja ya kumi ya mzigo likiokolewa milisekunde 9 kwa kila pakiti, wale wenye sehemu tisa zilizobaki watalipa milisekunde 1 tu kila mmoja. Mambo yakigeuzwa, tabaka lenye sehemu tisa za mzigo likiokolewa milisekunde 1, wachache waliobaki watatozwa milisekunde 9 kila mmoja. Kitendo ni kilekile, amri inayoandikwa kwenye swichi ni ileile, lakini katika hali ya kwanza wengi wamempisha mwenye haja ndogo, na katika ya pili wengi wamempanda kichwani aliye mchache. Uhalali wa kipaumbele hautokani na cheo cha anayetangulizwa wala hata na uzito wa haja yake peke yake, bali na kiasi anachokichukua akishatangulizwa.

Mafakihi wa Kiislamu waliliona jambo hili katika maji. Walipoandika juu ya mifereji na visima walitofautisha haki mbili: haki ya kunywa, ambayo ni ya binadamu na wanyama wenye kiu, na haki ya kumwagilia mashamba. Katika mfereji wa watu maalumu mpita njia hana haki ya kumwagilia, kwa kuwa maji hayo yana wenyewe, lakini ana haki ya kunywa na kumnywesha mnyama wake, na hakuna anayeruhusiwa kumzuia. Sababu si kwamba mwenye kiu ni mtu bora kuliko mkulima. Kiu haiwezi kusubiri, na tena kiu hushiba. Mtu hunywa kiasi akaondoka, na shamba halihisi upungufu. Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi waliongeza sharti ambalo mtu wa mitandao angelitambua mara moja: mifugo ikiwa mingi kiasi cha kuhofiwa kuuharibu mfereji, haki hiyo ya kunywesha huzuilika. Haki ya kutangulia ina ukomo wake ndani yake, na ukomo ukivukwa, haki yenyewe huanguka.

Sauti ya mazungumzo ya simu katika mtandao ndiyo yenye kiu. Mapendekezo ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano yanataja milisekunde 150 kwa safari ya upande mmoja kuwa mpaka ambao chini yake mazungumzo mengi hayaathiriki; ucheleweshaji ukiupita mno, wazungumzaji huanza kukatizana maneno na mazungumzo huharibika, ilhali barua pepe iliyochelewa sekunde 5 haimdhuru yeyote. Na sauti hushiba kweli: simu moja iliyowekwa katika muundo wa kawaida wa kilobiti 64 huchukua takriban kilobiti 87 kwa sekunde katika waya wa Ethernet pamoja na vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya safari yanayotangulia data, na haitachukua zaidi hata kiungo kikiwa kitupu. Uhamishaji wa faili ni kinyume chake, kwani hujaza nafasi yoyote unayopewa. Ndiyo sababu sauti huwekwa katika foleni ya kipaumbele kamili, ambayo swichi huihudumia kila inapokuwa na kitu kabla ya kuzitazama nyingine, na ndiyo sababu hiyohiyo foleni hiyo huwekewa kikomo. Pasipo kikomo, foleni za chini zinaweza kukaa bila kuhudumiwa kabisa, hali ambayo wahandisi wameiita kufa njaa, na jina hilo halina chumvi. Miongozo ya usanifu ya kampuni ya Cisco imekuwa ikishauri foleni ya kipaumbele kamili isizidi takriban theluthi moja ya kiungo, na tabaka la kawaida libakiziwe angalau robo. Kiwango halisi kinaweza kujadiliwa. Lisilojadilika ni kwamba dari ya aliye juu na sakafu ya aliye chini huandikwa pamoja, na usanidi wenye kimoja bila kingine haujakamilika, hata kama simu zinasikika vizuri.

Fikra hii ya kutazama haja badala ya cheo haikuwapo tangu mwanzo. Itifaki ya intaneti ilipoandikwa rasmi mwaka 1981, chini ya ufadhili wa idara ya utafiti ya wizara ya ulinzi ya Marekani, kila pakiti iliwekewa biti 3 za kuonyesha daraja lake, na mengi kati ya madaraja 8 yaliyopatikana yalipewa majina yaliyofuata taratibu za ujumbe wa kijeshi, kuanzia ujumbe wa kawaida hadi ule wa dharura unaoruhusiwa kuusukuma mwingine pembeni. Katika jeshi, swali la nani atangulie hujibiwa kwa kuuliza nani ameamuru. Desemba 1998 mpango huo ulibadilishwa: biti ziliongezwa kuwa 6, zikatoa thamani 64, na thamani hizo hazikutaja tena ukubwa wa mtumaji bali namna pakiti inavyotakiwa kuhudumiwa katika kila hatua ya safari, kwa mfano kutolewa bila kungoja, au kuhakikishiwa kiasi fulani cha nafasi. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, aliuliza filimbi bora zigawiwe nani, akajibu kwamba ni wapigaji bora wa filimbi, wala si wenye nasaba wala wenye sura nzuri, kwa kuwa sifa inayostahilisha lazima ihusiane na kile kinachogawiwa. Mabadiliko ya 1998 yanaweza kusomwa kama kuingia kwa hoja hiyo katika mitambo, ingawa cheo hakikufukuzwa kabisa. Katika ofisi nyingi kompyuta ya mkuu bado huwekwa katika tabaka la juu bila sababu nyingine yoyote zaidi ya kwamba ni ya mkuu.

Ugumu unaofuata ni wa ukweli. Pakiti hubeba alama yake yenyewe, na alama hiyo huandikwa na kifaa kilichoituma, kwa hiyo kila mtumaji anaweza kujitangaza kuwa mwenye dharura. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitoa mfano wa mtu anayekopa kwa ahadi ya uongo, akasema kanuni ya mtu huyo ikifuatwa na wote itajiangamiza yenyewe, kwa kuwa hapatakuwa na anayeamini ahadi tena. Wapo waliouona mfano huo kuwa wa kufikirika mno. Katika swichi, lakini, hutokea hivyohivyo bila kufikirika: pakiti zote zikivaa alama ya dharura, zote huingia foleni moja, na foleni hiyo hugeuka kuwa ileile ya mwanzo ya anayewahi. Dharura ya wote si dharura ya yeyote. Kwa sababu hiyo wasanifu huweka mpaka wa uaminifu, yaani mahali katika mtandao ambapo alama za upande wa nje haziaminiwi, na swichi iliyo karibu kabisa na mtumiaji huzifuta na kuandika nyingine kwa kadiri inavyojua kilichounganishwa kwenye poti. Simu ya mezani iliyotambuliwa huaminiwa. Kompyuta iliyochomekwa nyuma ya simu hiyo haiaminiwi. Ni kanuni ya mahakamani, kwamba dai la mwenye maslahi halitoshi mpaka lithibitishwe na asiye na maslahi.

Lakini dai ni la nani? Foleni za zamu alizozipendekeza Nagle ziliendelezwa mwaka 1989 na Alan Demers, Srinivasan Keshav na Scott Shenker, na kipimo cha haki kilichoenea baada ya hapo kinasema kwamba mgawo ni wa haki ikiwa sehemu ya mmoja haiwezi kuongezwa bila kumpunguzia mwingine ambaye sehemu yake ni ndogo au sawa. Msomaji wa mwanafalsafa John Rawls ataona mfanano mara moja, kwani Rawls, katika nadharia yake ya haki ya 1971, alitaka tofauti kati ya watu zikubalike pale tu zinapomfaa aliye chini kabisa. Mfanano huo una mtego. Aliye chini kwa Rawls ni mtu mwenye maisha, na aliye chini kwa swichi ni mtiririko, yaani mfululizo wa pakiti kati ya programu mbili. Mtu mmoja anaweza kufungua mitiririko 50 ilhali jirani yake ana mmoja, na swichi iliyogawa sawasawa kwa mitiririko itakuwa imempa wa kwanza mara 50 huku ikijisifu kwa uadilifu. Mtafiti wa mitandao Bob Briscoe alilishambulia jambo hili mwaka 2007 katika makala ambayo kichwa chake kiliuita usawa wa mitiririko dini inayopaswa kubomolewa, akidai kwamba haki ipimwe kwa watu na kwa muda mrefu, na kwa gharama ambayo kila mmoja huwasababishia wenzake wakati wa msongamano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanahisabati Frank Kelly wa Cambridge alikuwa amependekeza kipimo kingine, cha uwiano, ambamo mtiririko unaopita katika viungo vingi vilivyosongamana hupata kidogo zaidi kwa kuwa unawagharimu wengi zaidi. Vipimo hivi havipatanishwi kwa hisabati. Kila kimoja kina fomula iliyonyooka, na kuchagua kati yake ni kuamua kwanza ni nani anayehesabiwa kuwa mdai, jambo ambalo fomula haina uwezo wa kulisema. Briscoe ana haki katika shutuma yake, ingawa swichi ya kawaida, isiyojua watu bali poti na anwani tu, itaendelea kukosea hata kwa msimamizi mwadilifu.

Liko pia tabaka moja ambalo wanafalsafa wa haki hawalizungumzii sana, na ambalo katika mitandao lina namba yake. Viwango vya Ethernet vina madaraja 8, kuanzia 0 hadi 7, lakini aliye chini kabisa si 0 bali 1: namba 0 ni ya wasiosema lolote, na namba 1 ni ya wanaotangaza wenyewe kwamba hawana haraka. Mwaka 2019 kiwango cha intaneti kiliainisha tabaka la namna hiyo kwa ajili ya kazi kama nakala za akiba na masasisho ya programu, ambazo huchukua masalio tu na huondoka mwingine anapohitaji. Haki haimtaki mtu ajishushe chini ya sehemu yake. Maadili ya Kiislamu huiita tabia hiyo ithari, kumtanguliza mwingine juu ya nafsi, na huihesabu kuwa fadhila, wala si wajibu. Msimamizi anayeyaweka masasisho ya seva zake mwenyewe katika tabaka hilo ametenda zaidi ya kilichodaiwa.

Huenda mtu akapinga kwamba mjadala wote huu ni wa bure, kwa kuwa dawa ya uhaba ni kununua kiungo kikubwa zaidi. Mwanafalsafa David Hume alisema mwaka 1751 kwamba mahali penye kila kitu kwa wingi usio na mwisho, haki haina kazi na hakuna ambaye angeibuni. Wahandisi wa mradi wa Internet2 nchini Marekani walifika karibu na hitimisho hilo mwaka 2002, walipoeleza kwa nini huduma ya daraja la juu waliyoijaribu haikuenea: viungo vingi vilikuwa na nafasi tele, na gharama ya kuuendesha utaratibu wa madaraja ilizidi faida yake. Pingamizi hili ni zito, na ofisi yenye watu wachache na kiungo kipana haina sababu ya kuandika kurasa za sera za foleni. Lakini wingi wa Hume ni hali ya kupita. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na taasisi za Tanzania, Kenya na nchi jirani zilizokuwa na nafasi ya kutosha zikapungukiwa na nafasi hiyo. Kanuni zinazoandikwa baada ya uhaba kuingia huandikwa na mwenye sauti kubwa. Zile zilizoandikwa wakati wa shibe, kabla ya kujulikana nani ataumia, hukaribia kile ambacho Rawls alikiwaza kama pazia la kutojua, ingawa pazia la msimamizi daima lina matundu, kwa kuwa anajua ni poti ipi inayokwenda ofisi ya mkurugenzi.

Nje ya taasisi, kwenye intaneti ya umma, hoja ni nyingine, kwani anayepanga foleni huko pia huuza nafasi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015 inaruhusu usimamizi wa trafiki unaotokana na tofauti halisi za mahitaji ya kiufundi, na inakataza ule unaotokana na sababu za kibiashara. Kiu inakubaliwa, mkoba haukubaliwi.

Limebaki suala la aliyetupwa. Mtu anayekatazwa mlangoni anajua kwamba amekatazwa, na anaweza kuuliza sababu. Pakiti inayotupwa na swichi haitoi sauti, na mtumiaji wa tabaka la chini huona tu kwamba ukurasa umechelewa, asijue kama ni hitilafu, ni umbali, au ni uamuzi wa mtu. Kiwango cha mwaka 2001 kilitenga biti 2 za kichwa cha pakiti ili swichi au ruta iweze kutoa onyo la msongamano kabla ya kutupa, lakini onyo hilo husomwa na kompyuta na kuifanya ipunguze mwendo, bila mwenye kompyuta kuambiwa. Kwa upande wake, swichi nyingi huhesabu idadi ya pakiti zilizotupwa katika kila foleni, na hesabu hiyo hupatikana kwa amri moja. Aghalabu hutazamwa ile ya foleni ya sauti, kwa kuwa simu ikikwaruza wenye simu hulalamika siku hiyohiyo, ilhali foleni ya mwisho, ambamo namba huwa kubwa zaidi, haina mlalamikaji anayejua kwamba anahesabiwa. Haki ya mtu huyo haitimizwi kwa sakafu ya robo iliyoandikwa katika usanidi peke yake. Inadai namba yake nayo isomwe kwa ratiba ileile, na aambiwe kwamba ipo.